Kapsuli ya Kabla ya Chai

Dawa ninayoipa heshima kuliko zote nyumbani kwangu ni ile ambayo karibu kila nyumba hapa Tanga inayo: omeprazoli. Watu huinunua duka la dawa kwa bei ndogo, huimeza pilau ikiwakaa vibaya, kisha huisahau kwenye droo. Mimi naimeza kila siku kabla ya chai tangu nilipokatwa sehemu ya kongosho, na nimejifunza kwamba kwa mtu aliyepasuliwa kama mimi kapsuli hiyo hiyo ina kazi nyingine kabisa. Nayaandika haya kwa sababu nimekutana na wenzangu waliopita chini ya kisu kile kile. Walielezwa kwa kirefu kuhusu kidonda cha nje, kuhusu sukari, kuhusu saratani yenyewe. Kuhusu asidi waliambiwa sentensi moja tu: "Endelea na omeprazoli." Sentensi hiyo haimtoshi mtu.

Ugonjwa wangu ulijionyesha kwa manjano. Macho yalibadilika rangi, mkojo ukakolea, choo kikapauka, na usiku nilikuwa najikuna mpaka ngozi inachubuka. Ndugu waliokuja kunijulia hali walikuja na majani na mizizi, kwa mapenzi kabisa, lakini mke wangu alishika msimamo wake: vipimo kwanza. Tukatoka Tanga kwenda Dar es Salaam, na huko ukaonekana uvimbe mdogo pale mfereji wa nyongo na ule wa kongosho inapokutana na kumwaga ndani ya utumbo. Uvimbe unaoota mahali hapo huziba nyongo mapema, kwa hiyo mara nyingi mgonjwa hugeuka manjano na kufika kwa daktari wakati bado unaweza kukatwa. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Daktari wa upasuaji alivuta karatasi akachora. Kichwa cha kongosho, duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba), kifuko cha nyongo, sehemu ya chini ya mfereji wa nyongo na kipande cha mwisho cha mfuko wa chakula, vyote vinatolewa kwa pamoja. Kichwa cha kongosho na duodenamu vinalishwa na mishipa ile ile ya damu, huwezi kukitoa kimoja ukamwacha mwenzake salama. Baada ya hapo vilivyobaki vinaungwa upya kwenye utumbo mwembamba: kongosho kwanza, kisha mfereji wa nyongo, na mwisho mfuko wa chakula. Operesheni hii inaitwa Whipple, kwa jina la Allen Whipple, daktari wa New York aliyeitangaza mwaka 1935, ingawa Walther Kausch alikuwa ameshafanya ya namna hiyo Berlin mwaka 1909. Daktari alipomaliza kuchora alilizungushia duara ungio la tatu, pale mfuko wa chakula unapokutana na utumbo, akasema, "Mzee wangu, ukishapona kidonda, hapa ndipo pa kupaangalia maisha yako yote."

Maneno yake yaliniingia vizuri nilipojua vile mwili unavyofanya kazi kabla haujaguswa. Mfuko wa chakula wa mtu mzima humwaga karibu lita mbili za maji yake kila siku, na asidi iliyomo ni haidrokloriki, ambayo tumbo likiwa tupu hufikia ukali wa pH 1 au 2. Mfuko wenyewe umejipaka ute mzito wa kujikinga. Utumbo mwembamba hauna kinga ya namna hiyo, isipokuwa kipande chake cha kwanza, duodenamu, ambacho kina tezi zake za ute wenye bikaboneti. Tena ni hapo hapo maji ya kongosho yanapomwagika, karibu lita moja na nusu kwa siku, yamejaa bikaboneti ya kuipooza asidi.

Kinachonishangaza mpaka leo ni jinsi sehemu hizo zinavyoarifiana. Mwaka 1902, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walionyesha kwamba asidi ikigusa ukuta wa utumbo wa juu, ukuta huo hutia ndani ya damu kemikali inayosafiri hadi kwenye kongosho na kuliamuru limwage maji yake. Waliiita sekretini, na ndiyo homoni ya kwanza kugunduliwa. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa nayo muda mrefu. Sehemu kubwa ya seli zinazotoa sekretini zimo katika duodenamu, na duodenamu yangu ilibaki maabara Dar es Salaam. Asidi yangu sasa inashuka moja kwa moja kwenye utumbo usioizoea, habari zinalifikia kongosho kwa uhaba, na kongosho lenyewe limebaki nusu. Bikaboneti haijakatika, lakini ni kidogo na haiji kwa wakati wake. Kama hesabu hiyo haikulingana, kidonda huchimbika upande wa utumbo, mbele kidogo tu ya ungio.

Madaktari waliijua hatari hii zamani. Kwa miaka mingi walikuwa wakikata kipande kikubwa cha mfuko wa chakula ili asidi ipungue, na wengine walikata pia mishipa ya fahamu inayouchochea. Mwaka 1978 Traverso na Longmire, wa Los Angeles, walieleza namna ya kuuacha mfuko mzima pamoja na mlango wake wa chini. Miaka hiyo hiyo dawa za kuzuia asidi zikaanza kupatikana: simetidini, iliyotokana na kazi ya James Black, kisha omeprazoli mwaka 1988. Waliotutangulia waliilipia kinga hii kwa nyama ya miili yao. Mimi naipata kwa kapsuli ndogo, na ndiyo maana siwezi kuidharau.

Sasa nije kwenye duka la dawa, maana huko ndiko nilikopata somo kubwa.

Nilikuwa nimesharudi nyumbani, natembea hadi sokoni na kurudi, na dawa nilizopewa hospitali zimekwisha. Kijana wa dukani ananifahamu. Akanipa shikamoo, nikaitikia, akaiangalia karatasi yangu.

"Mzee, hii omeprazoli unaitumia tangu lini?"

Nikamwambia.

"Tumbo bado linauma?"

"Haliumi hata kidogo."

"Basi mzee wangu ingekuwa vizuri upumzike nayo. Hii si dawa ya kukaa nayo muda mrefu. Ina madhara kwenye mifupa na damu."

Alisema kwa upole, na kwa mtu mwenye kiungulia cha kawaida alikuwa amesema sawasawa. Nilimshukuru, nikanunua pakiti moja, nikampigia simu daktari nikiwa bado nje ya duka. Jibu lake lilikuwa fupi. "Mzee, wewe huitumii kwa sababu tumbo linauma. Unaitumia ili lisije likatoboka." Kisha akanieleza kwamba kidonda cha kwenye ungio kinaweza kukaa kimya. Wako wanaosikia maumivu chini ya kifua baada ya kula, na wako wasiosikia chochote mpaka siku wanapopata choo cheusi kinachonata, au wanapotapika damu. Mgonjwa anayesubiri maumivu ndipo ameze dawa anaweza kusubiri dalili ambayo haitakuja. Akaongeza kwamba mtu aliyeitumia kwa miezi akiiacha ghafla, mfuko wa chakula hujibu kwa kumwaga asidi nyingi kuliko mwanzo kwa wiki kadhaa. Kwa aliye na ungio kama langu, wiki hizo ni za hatari.

Nilirudi ndani nikamweleza kijana. Aliniuliza maswali mengi ya maana, mengine sikuweza kuyajibu, akayaandika kwenye daftari lake. Tangu siku ile yeye ndiye anayenikumbusha pakiti ikikaribia kwisha. Naamini kabisa kwamba mfamasia wa mtaani akielezwa sababu anakuwa msaada kuliko daktari aliye mbali, kwa kuwa yeye ndiye anayekuona kila mwezi.

Jambo la pili ni saa ya kumeza. Seli zinazotengeneza asidi zina pampu ndogo ndogo, na nyingi zimelala mpaka chakula kiziamshe. Omeprazoli na ndugu zake, kama pantoprazoli, huzikamata pampu zilizo kazini tu. Dawa ikishaingia kwenye damu haidumu sana, hupungua ndani ya saa chache. Lakini pampu iliyokamatwa imekwisha kazi, na mwili lazima utengeneze nyingine. Kwa hiyo kapsuli inatakiwa iwe imeshafika kwenye damu wakati chakula kinapoziamsha pampu: nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Ukiimeza usiku unapokwenda kulala na tumbo tupu, umezipita pampu zikiwa usingizini. Na usitarajie nafuu yote siku ya kwanza, kwani inachukua siku kadhaa nguvu yake kukamilika.

Kwangu imekaa hivi. Nikitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri, naimeza kapsuli kwa maji matupu, naiacha nzima bila kuitafuna, kwa sababu chembe zilizomo ndani zimevishwa ganda maalumu. Asidi ya tumbo huiharibu hata dawa inayokuja kuizuia, na bila ganda hilo isingefika popote. Kisha nafagia uani na kumwagilia mchaichai. Mke wangu akiweka birika na mihogo mezani, muda umetimia.

Pale mezani huanza nusu ya pili ya kazi, ambayo wengi hawaambiwi kwamba inahusiana na asidi. Kongosho lililokatwa hutoa vimeng'enya vichache, na mafuta ya chakula yanapita bila kusagwa. Choo kinakuwa kingi, kinang'aa mafuta, kinaelea na kinanuka sana, huku mtu anakonda ilhali anakula. Nilipewa kapsuli za vimeng'enya za uniti 25,000, mbili kwa mlo mkubwa na moja kwa kitafunio, za kumeza nikianza kula na nikiwa katikati ya kula. Kimeng'enya cha mafuta, lipasi, kikikutana na asidi kali hupata yale yanayolipata yai kwenye mafuta ya moto: hakirudi tena kuwa kilivyokuwa. Ndiyo sababu nacho huvishwa ganda, na ganda hilo limetengenezwa liyeyuke mahali ambapo asidi imeshapoa. Kama utumbo wangu una asidi nyingi, ganda linachelewa kufunguka na chakula kinatangulia. Mimi niliiona tofauti hiyo mwenyewe. Vimeng'enya peke yake vilinisaidia kidogo. Tulipopanga saa ya omeprazoli vizuri, uzito ukaanza kurudi. Na visimezwe kwa chai ya moto, maana joto pia huviua. Hilo nalisisitiza kwa watu wa pwani, ambao bila chai hatujala.

Kapsuli hizo za vimeng'enya zinatokana na kongosho la nguruwe. Nililijua hilo kwa kusoma karatasi iliyomo ndani ya boksi, na usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilimwendea sheikh wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama ipo dawa nyingine ya kazi hiyo ninayoweza kuipata, na kama daktari anaiona ni ya lazima. Nilipomjibu, alisema hiyo ni dharura, na dharura ina hukumu yake. Nimeze kwa kiasi nilichoandikiwa na nisijitie unyonge. Namwomba kila daktari wa pwani alitamke jambo hili mwenyewe mapema, kwa staha. Mgonjwa anaweza kuziacha kapsuli kimyakimya na kuendelea kukonda, na asimwambie mtu kwa nini.

Siku za harusi mimi hukaa kwenye sinia pamoja na wengine. Nazitoa kapsuli kwenye mfuko wa kanzu, nameza moja na tonge za kwanza, nyingine wali ukifika nusu. Mara ya kwanza wenzangu walinyamaza wakanitazama. Siku hizi shemeji yangu ndiye ananiambia, "Bado ya pili," na mazungumzo yanaendelea.

Adui mkubwa wa ungio langu, hata hivyo, yumo kwenye dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza ule ute unaoukinga ukuta wa tumbo na utumbo, na kwetu zinauzwa kirahisi mno. Mtu akisema mgongo unamuuma, rafiki anatoa kidonge mfukoni kwa wema wake. Nimepewa diklofenaki msibani, kwenye basi na mara moja kwenye zahanati, ambako nilikuwa nimekwenda na homa. Kila mara nilikataa na kueleza. Mimi natumia parasetamoli, na ikishindwa namuuliza daktari. Tumbaku nayo imo katika orodha hiyo hiyo. Wavutaji hupata vidonda vya kwenye ungio zaidi ya wengine. Na yupo yule bakteria wa tumbo ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Daktari aliagiza nipimwe kwa choo, na kwa kipimo hicho mtu husimamishwa omeprazoli wiki mbili kabla ili majibu yasidanganye. Kusimamisha huko kwa mtu wa ungio kusifanywe ila kwa amri ya daktari mwenyewe.

Maziwa na magadi nimeyasikia kutoka kwa kila jirani. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha huchochea asidi nyingine. Magadi huipooza asidi iliyopo, hujaza gesi na kuongeza chumvi mwilini, na baada ya muda asidi inarudi ilivyokuwa. Kilichonisaidia zaidi usiku ni tofali mbili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, na kula chakula cha usiku mapema, kidogo, kabla ya isha. Pilipili na mbilimbi sikukatazwa. Nilijipima mwenyewe taratibu.

Ramadhani ilinipa uzito wa moyo. Mwaka wa kwanza daktari alinikataza kufunga kabisa, kwa kuwa mwili ulihitaji milo midogo mingi na sukari yangu ilikuwa haijatulia. Nilitoa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku, na nilikaa na familia wakati wa futari nikila nao. Wapo wenzangu ambao baadaye waliruhusiwa kufunga, wakimeza omeprazoli muda kidogo kabla ya daku. Kila mmoja na mwili wake, na ruhusa hiyo ni ya kuombwa.

Kijana wa duka hakukosea aliponitajia madhara. Asidi ina kazi yake, na ikizuiwa miaka mingi vitamini B12, chuma na magnesi vinaweza kupungua, na mifupa ikadhoofu. Kwangu kuna sababu ya ziada, kwani chuma hufyonzwa zaidi kwenye duodenamu, ambayo sina. Kwa hiyo kila mwaka napima damu. Mara moja chuma kilionekana kimeshuka na nikapewa dawa yake. Madaktari wenyewe hawana kauli moja kuhusu muda: wapo wanaomwacha mgonjwa na dawa maisha yake yote, wapo wanaopunguza dozi baada ya miezi kadhaa wakimchunguza. Yangu imepunguzwa kutoka mara mbili kwa siku hadi mara moja. Daktari alikataa kwenda chini ya hapo, akanieleza kwa nini, na nikaridhika.

Safari ya mwisho niliyokwenda kliniki nilimwomba aniandikie karatasi fupi ya Kiswahili, ambayo mtu yeyote wa zahanati anaweza kuielewa. Aliandika: amekatwa kichwa cha kongosho na duodenamu, omeprazoli anaitumia kulinda ungio la mfuko wa chakula na utumbo, na kusaidia vimeng'enya vifanye kazi, isisimamishwe kwa sababu tu hana maumivu, asipewe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini bila kuwasiliana nasi, akipata choo cheusi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Nimetoa nakala. Moja iko kwa mke wangu, moja kwa kijana wa duka la dawa, na mzee mmoja wa Muheza, aliyepasuliwa mwaka huu, ameipeleka ya kwangu kwa daktari wake ili naye aandikiwe ya kwake.